Je, Wajua? Mshono Huponywa na Miguu Pia

Oksijeni inayoponya mshono wa upasuaji haiingii kupitia ngozi iliyokatwa. Huletwa na damu, na hapo ndipo penye tabu: kisu kimekata mishipa midogo iliyokuwa ikilisha sehemu ileile, huku mahitaji yakipanda. Seli nyeupe za damu huhitaji oksijeni kutengeneza kemikali za kuulia bakteria. Ikikosekana, hata nyuzi za kolajeni zinazounganisha nyama hutoka dhaifu.

Damu inaweza kutoka mapafuni imejaa oksijeni na bado isifike kidondani vya kutosha, kwa sababu baridi, maumivu, woga na upungufu wa maji hubana mishipa ya ngozini. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Walioachwa miili ipoe karibu nyuzi 2 wakiwa kwenye nusu kaputi, asilimia 19 walipata maambukizi ya kidonda. Waliotunziwa joto lao, asilimia 6. Tofauti kubwa hiyo, kwa sababu ya joto tu!

Kutembea nako kuna kazi yake. Anayelala chali siku nzima hupumua juujuu. Akisimama, mapafu hupata nafasi ya kutanuka. Akipiga hatua, misuli ya mashavu ya miguu husukuma damu irudi kwenye moyo badala ya kutuama na kuganda. Daktari Emil Ries wa Chicago aliandika kuhusu kuwainua wagonjwa mapema tangu 1899, zama ambazo kulazwa wiki kadhaa baada ya kupasuliwa tumbo lilikuwa jambo la kawaida.

Huko Marekani, utafiti mdogo wa 2005 ulifuatilia wazee wenye afya waliotiwa jeraha dogo: wanaofanya mazoezi walipona kwa wastani wa siku 29, wasiofanya siku 39. Halikuwa jeraha la upasuaji, lakini linatia moyo.

Kwa hiyo naumia nikisikia mama aliyejifungua kwa upasuaji akiambiwa, "Jikaze, inuka," kabla hajapewa dawa ya maumivu. Maumivu hayo hubana mishipa ileile tunayotaka ifunguke. Apewe dawa kwanza, afunikwe asisikie baridi, anywe maji akisharuhusiwa, kisha ashikwe mkono hadi mlangoni na kurudi. Kubeba ndoo ni jambo jingine: misuli ikifanya kazi nzito hujivutia damu, na tumbo likikazwa huvuta mshono wenyewe.