Herufi A na Kidole cha Mwisho

Walimu waliofundisha sehemu za Kabuchai katika miaka ya themanini na tisini hawajasahau jinsi mitihani ya mwisho wa muhula ilivyotayarishwa. Maswali yaliandikwa kwa mkono, yakapelekwa kwa mpiga taipu, naye akaondosha utepe wa wino na kucharaza juu ya stensili ili vyuma vya herufi viipasue nta yake. Kisha stensili ikafungwa kwenye mashine ya kurudufu, na karatasi zikatoka zikinukia wino. Mtihani wa Kiingereza ulisomeka. Ule wa Kiswahili ulikuwa na ila moja iliyojirudia muhula baada ya muhula: herufi a ilififia, na pengine ilitoweka kabisa, mtahiniwa akabaki kulikisia neno.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa wapiga taipu hao. Alijifunza kazi katika chuo kimoja cha biashara mjini Bungoma, akaifanya zaidi ya miaka ishirini, na sasa amestaafu, anaishi karibu na soko la Chwele. Chuoni aliambiwa kuwa kidole chake cha mwisho ni kikaidi, na rula ikatumiwa kukirudi. Baadaye walimu waliompelekea mitihani wakamwona mvivu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemweleza kwamba ila haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa katika mpango wa herufi.

Tazama kibodi yoyote ya kompyuta, msomaji wangu. Herufi a imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na kwa wengi wetu hicho ndicho kidole dhaifu kuliko vyote. Katika Kiingereza mzigo huo unavumilika, kwa sababu herufi inayotumika zaidi katika lugha hiyo ni e. Kiswahili ni kisa kingine. Chukua methali inayojulikana na kila mtoto, haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23, na 11 kati ya hizo ni a. Utasema nimechagua methali inayonifaa, nami nakiri. Basi chukua sentensi ya kawaida ambayo mwalimu angeiandika ubaoni bila kufikiri: "Mwanafunzi alifika shuleni asubuhi na mapema kabla ya mwalimu wake." Hesabu mwenyewe. Utapata herufi 57, na 13 kati yake ni a. Karibu robo ya kazi nzima imeachiwa kidole kimoja, na kidole hichohicho ndicho hupewa z, q na kitufe cha herufi kubwa. Kwenye taipureta ya chuma, ambako nguvu ya kidole ndiyo iliyourusha mkono wa herufi mpaka karatasini, a ya Kiswahili ingekosaje kufifia?

Mpango huu haukushuka kutoka mbinguni. Ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee, Marekani, waliopewa hataza mwaka 1868. Kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mashine hiyo mwaka 1874. Wataalamu wangali wanabishana kwa nini Sholes alipanga herufi jinsi alivyozipanga. Wengine wanasema alitaka kuzuia mikono ya herufi isigongane, na wengine wanaona ushawishi wa wapokeaji wa simu za telegrafu. Lisilo na ubishi ni kwamba hakuwa akifikiria "haraka haraka". Hata ule mpangilio wa vitufe kwenda mshazari, kila safu ikiwa imesogea kidogo kando ya safu ya juu yake, ulitokana na haja ya kupitisha vyuma vya mashine baina ya vitufe. Vyuma vimekwisha zamani. Mshazari umebaki, na viganja vyetu vinapinda kuufuata.

Wapo waliojaribu kurekebisha. August Dvorak, msomi wa Chuo Kikuu cha Washington, alipata hataza ya mpango mpya mwaka 1936 pamoja na William Dealey. Mwaka 2006 Shai Coleman alitoa mwingine uitwao Colemak. Mipango yote miwili husifiwa kwa kumpunguzia mwandishi safari za vidole. Nilipoichunguza nilicheka, kwani yote miwili imeiacha a palepale, chini ya kidole cha mwisho cha kushoto! Siwalaumu. Kila mmoja alihesabu herufi za lugha yake. Kosa lingekuwa letu sisi kuichukua hesabu ya Kiingereza na kuiita sayansi ya kuandika.

Aliyenifungua macho ni Lillian Malt wa Uingereza, ambaye katika miaka ya sabini alishirikiana na Stephen Hobday kuunda kibodi ya Maltron. Aliugawa uwanja wa vitufe sehemu mbili, moja kwa kila mkono, akaona kwamba kidole gumba, chenye nguvu kuliko wenzake, hakina kazi ila kupiga nafasi kati ya maneno. Akakipa gumba cha kushoto herufi e, mfalme wa Kiingereza. Mswahili akisikia hayo atauliza papo hapo: na mfalme wetu je?

Leo jambo hili haliwalazimu watu kujenga kiwanda. Duniani kote wamo wanaojiundia kibodi zilizogawanywa, nusu mbili zinazowekwa mbali kama upana wa mabega ili mikono isibanwe kifuani, na vitufe vikafuata urefu wa vidole badala ya ule mshazari wa kale. Nami niliunda yangu Chwele, nikisaidiwa na seremala aliyekata mbao mbili za plaiwudi na fundi wa redio mwenye mkono usiotetemeka wa kulehemu. Kibodi ya kawaida ina vitufe zaidi ya 100. Yangu ina 36. Kila mkono una safu tatu za vitufe vitano, na vingine vitatu vya gumba. Chini ya kila kitufe kuna swichi yenye springi yake, na kila swichi ina dayodi moja ndogo. Nyaya zimesukwa kama mkeka, nne kwa upana na tano kwa urefu, hata nusu moja yenye swichi 18 ikahitaji nyaya tisa tu. Kazi ya dayodi ni kuzuia umeme usirudi nyuma na kudanganya kwamba kitufe ambacho hakikuguswa kimeguswa. Ubongo wa kila nusu ni kibao cha Raspberry Pi Pico, ambacho kilipotolewa Januari 2021 kiliuzwa dola nne za Marekani. Ndani yake nimetia QMK, programu huria inayomruhusu mwenye kibodi kuamua kila kitufe kiseme nini.

Vitufe 36 vinatosha vipi? Jibu ni la kale. Mwaka 1878 Remington walitoa mashine iliyokuwa na kitufe cha kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa, kitufe kimoja kikabeba maana mbili. Kibodi ndogo za leo huuendeleza ujanja huo: ukishikilia kitufe kimoja cha gumba, herufi zote hugeuka tarakimu, ukishikilia kingine, hugeuka alama. Kiswahili chenyewe hakina q wala x, na c haisimami bila h, kwa hiyo kitufe chake nimekiamuru kitoe ch kwa pigo moja. A nimeiweka chini ya gumba cha kushoto, na nafasi chini ya gumba cha kulia. Maneno yetu mengi huishia kwa a. Basi gumba moja hufunga neno na la pili hufungua njia ya neno linalofuata.

Sitaki kumpotosha mwanafunzi. Kwa majuma kadhaa niliandika kama mtoto wa chekechea, na sikuongeza kasi ya kujivunia. Nilichopata ni mkono usiouma jioni. Tena, mtahiniwa wa somo la kompyuta atakuta kibodi ya Sholes kwenye chumba cha mtihani, na mwenye saiba hatakubali ufumue mashine yake. Mwalimu asimwambie mtoto aache mpango anaotahiniwa nao. Lakini mazoezi ya kucharaza tunayoyafundisha bado ni maneno ya Kiingereza, ilhali safu ya katikati ya kibodi ina irabu moja tu, nayo ni a. Kwa nini wanafunzi wetu wasianze na dada, kaka, kasha, jalada na shaka, wakaonja wenyewe uzito ulio juu ya kile kidole? Kisha wapewe ukurasa mmoja wa gazeti wauhesabu, herufi kwa herufi, na ukurasa wa Lubukusu vilevile. Katika Lubukusu kh haikauki, tangu khusoma hadi chikhafu, nayo huenda ikastahili kitufe chake. Wenzetu Wagĩkũyũ wana ĩ na ũ ambazo kibodi ya kawaida haizitambui kama herufi kamili. Hesabu hiyo haihitaji hata umeme.

Majuzi nilimpelekea shangazi kibodi yangu. Aliiweka mapajani, akazitazama nusu mbili kwa shaka, akauliza nani aliyeikata mashine. Nikamwonyesha a ilipo. Akaandika jina lake polepole, kisha jina la marehemu mumewe, kile kidole cha mwisho kikiwa kimekaa hewani bila kazi. Alikitazama kwa muda, akaniuliza mahali pake pa zamani nimeweka nini. Nikamjibu kuwa bado pako wazi. "Basi weka ng'," akasema. "Watoto wa siku hizi wanaandika ngoa, na kumbe wanataka kung'oa."