Mbwa wa Nyumbani na Malezi Yake (2): Kinachomlipa Ndicho Anachokishika

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia afya ya mbwa: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, na kupe. Leo tunaingia kwenye tabia, na tutaanza na Desemba, kwa sababu mwezi huo ndio mtihani wa mbwa wa Kilimanjaro.

Kila mwenyeji wa Moshi anaijua Desemba. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, magari yanapandisha Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, na nyumba iliyokuwa na bibi na kijana wa kukata majani ya ng'ombe inalaza ukoo mzima. Watoto waliozaliwa mjini wanashuka garini na kukimbilia migombani. Huko wanakutana na mbwa ambaye mwaka mzima hajaona mtoto mgeni, na ambaye majirani wamemsifu kwa ukali wake. Mtoto aking'atwa, lawama yote humwangukia mbwa.

Mbwa huyo hakuzaliwa hivyo. Alifundishwa, ingawa hakuna mtu aliyekusudia kumfundisha. Hili ndilo neno kubwa la makala ya leo: mbwa anajifunza saa zote, tupende tusipende, na anachokishika ni kile kinachomlipa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alilionyesha jambo hili mwaka 1898. Alifungia paka na mbwa katika visanduku vyenye komeo, akaweka chakula nje. Mnyama alihangaika huku na huku mpaka akagusa komeo kwa bahati, akatoka, akala. Kila aliporudishwa ndani alitoka upesi zaidi. Tendo lililoleta chakula lilibaki, na mengine yote yakapotea. Hakupigwa wala hakukemewa.

Tazama sasa meza ya nyumbani. Familia inakula machalari, mbwa amesimama mlangoni anatoa sauti ya kulia. Baba anamfukuza. Anarudi. Mtoto anamwonea huruma, anamrushia mfupa. Kesho hapewi, keshokutwa anapewa. Wengi hudhani kumpa mara mojamoja hakuna madhara, kumbe ndiko kunakoikomaza tabia. B. F. Skinner, aliyeendeleza kazi ya Thorndike, aligundua kwamba tendo linalolipwa mara chache bila kutabirika ni gumu kufutika kuliko lile linalolipwa kila mara. Mbwa aliyepewa mfupa siku moja kati ya kumi ataomba siku zote kumi, kwa sababu hajui ipi ndiyo yake. Tiba ni nyumba nzima kukubaliana: chakula chake kiwekwe katika bakuli lake, mahali pake, saa yake, na kutoka mezani asipewe chochote na mtu yeyote. Siku za mwanzo kelele zitaongezeka. Msikate tamaa hapo, maana ukimpa siku aliyolia sana kuliko zote, umemfundisha kwamba kulia sana ndiko kunakolipa.

Haja ndogo na kubwa nazo huenda kwa kanuni hiyohiyo. Mtoto wa mbwa hawezi kujizuia kwa saa nyingi. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, na akimaliza kucheza, umpeleke pembe ileile ya kihamba, yaani shamba linaloizunguka nyumba. Akimaliza, msifu na umpe kitu palepale, kabla hamjarudi ndani. Malipo yakichelewa, yeye atayahusisha na kurudi ndani, si na haja aliyoifanya. Kumsukumia pua kwenye uchafu aliouacha saa mbili zilizopita hakumfundishi lolote zaidi ya kuogopa mkono wako. Mahali alipochafua paoshwe kwa sabuni, kisha pasuuzwe kwa maji yenye siki, kwa sababu harufu ya mkojo ikibaki itamwita tena.

Kuhusu kurukia watu, kila aliyevaa nguo za ibada wakati wa masika, udongo mwekundu ukiwa umelowa, anaijua adha yake. Mbwa anaruka kwa sababu akiruka anatazamwa, anashikwa, anasemeshwa. Hata kumsukuma kwa mikono kwake ni mchezo. Geuka, mpe mgongo, nyamaza. Miguu yake yote minne ikigusa chini, inama umsalimie. Watu wote wa nyumbani wafanye hivyo, pamoja na kijana wa ng'ombe, maana mmoja akimruhusu, kazi ya wengine inapotea.

Sasa turudi kwa wageni. Kuna zoezi moja ambalo kila nyumba ya mlimani inaweza kulifanya bila gharama. Tandika gunia barazani, mbali na njia ya kuingilia. Chukua dagaa wachache wakavu. Tupa mmoja juu ya gunia. Mbwa akipanda kumfuata, sema "mahali". Rudia mara tano au sita, kisha acha, umpumzishe. Akishaelewa, sema "mahali" kwanza, umsubiri apande mwenyewe, ndipo umpe dagaa akiwa juu ya gunia. Baadaye mcheleweshe kidogo: ahesabiwe pumzi tatu, kisha kumi, kisha mpaka umalize kufagia baraza. Akishuka kabla ya ruhusa, mrudishe bila ukali na uanze na muda mfupi zaidi.

Hapo ndipo mlango unapoingia katika somo. Mtu wa nyumbani atoke nje ya geti apige hodi. Mara tu baada ya hodi, wewe sema "mahali" na umlipe mbwa akiwa kwenye gunia. Siku zikipita utaona jambo la kufurahisha: hodi ikisikika, mbwa anabweka mara mbili tatu, kisha anakwenda kwenye gunia kabla hujasema kitu. Ivan Pavlov wa Urusi aliona mbwa wake wakitoa mate kwa ishara iliyozoea kutangulia chakula. Hapa hodi imekuwa ishara hiyo. Mlinzi hajapotea. Ametoa taarifa, na sasa anasubiri wenye nyumba waamue. Anza zoezi hili Septemba au Oktoba, na hata hivyo, siku za kwanza za wageni mfunge kamba ukiwa karibu naye, wala watoto wadogo wasiachwe naye peke yao.

Kuku wanahitaji uangalizi wa aina yake, kwa kuwa katika kihamba mbwa, kuku na mbuzi wanaishi pua kwa pua. Kumfukuza kuku kunajilipa kwenyewe: kuku anakimbia, na mbio hizo ndizo raha. Kwa hiyo usimpe nafasi ya kuonja raha hiyo. Mbwa mchanga apitishwe karibu na kuku akiwa kwenye kamba, alipwe kila anapogeuza macho kukutazama wewe. Mayai nayo yaokotwe mapema, asije akayaonja.

Wapo watakaouliza: mbwa mwenye adabu namna hiyo atalinda kweli? Swali hili linatokana na mazoea ya zamani ya kumfungia mbwa kwenye banda lenye giza kutwa nzima, kumnyima watu, na wengine kumlisha pilipili, ili usiku atoke na hasira. Mbwa wa namna hiyo amejaa hofu, na mbwa mwenye hofu hamchagui mwizi. Humng'ata aliye karibu, awe mjukuu au jirani aliyepenya kwenye uzio wa masale kuja kuomba moto. Fimbo nayo humfundisha aache kunguruma huku hofu ikibaki, na siku moja atang'ata bila onyo. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo.

Ushahidi hauko mbali. Usa River, kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limefundisha mbwa wa kunusa meno ya tembo na pembe za faru, kwa mpango ulioanza mwaka 2014. Baadhi yao wamefanya kazi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, katikati ya kelele za winchi na makontena. Malipo ya mbwa hao wakipata walichotumwa ni mpira na mchezo na mwongozaji wao. Ikiwa kazi nzito kiasi hicho inajengwa kwa mchezo, kulinda geti la kihamba hakuhitaji pilipili.

Tusisahau tumbo, kwa maana mbwa mwenye njaa hafundishiki. Ugali wa dona pamoja na dagaa au mabaki ya nyama ni chakula kizuri, na ndizi haimdhuru. Mkinge na vitunguu, chokoleti na buni za kahawa, ambavyo ni sumu kwake. Kokwa za parachichi, zinazotapakaa chini ya miti yetu, zikimezwa huweza kuziba utumbo, na mifupa iliyopikwa hupasuka na kuchoma. Maji safi yawepo kutwa.

Na ikitokea mtu ameng'atwa, aoshwe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anafahamika. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, huua karibu kila mara.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu hiyo hupungua ikianzwa mapema. Wiki ijayo tutaeleza namna ya kumchagua na kumlea mtoto wa mbwa, na kwa nini asichukuliwe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Kwa wiki hii, kaeni jioni moja kama familia, mwafikiane maneno mtakayomwambia mbwa wenu na yale ambayo hakuna atakayemruhusu. Asijifunze jambo moja kwa bibi na jingine kwa wajukuu.