Projekta ya nyumbani

Projekta ya nyumbani ni kifaa cha umeme kinachopokea picha kutoka king'amuzi, kompyuta au kicheza video na kuionyesha kwa mwanga juu ya ukuta au pazia jeupe. Makala hii inaeleza namna ya kuiboresha na kuitunza pamoja na kebo zake, kwa kuangalia mazingira ya Upanga, eneo la makazi katikati ya Dar es Salaam. Wakazi wake wako karibu na maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, na kwa sababu hiyo ni rahisi kununua projekta mpya kabla ya kujua kama ya zamani imeharibika kweli. Mara nyingi kasoro iko kwenye kebo au kwenye vumbi.

Kebo

Projekta nyingi za leo hupokea picha kwa kebo ya HDMI. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 lilileta picha za 4K kwa fremu 30 kwa sekunde. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 lilifikisha gigabiti 18 kwa sekunde, yaani 4K kwa fremu 60. Na lile la 2.1 la mwaka 2017 gigabiti 48.

Tatizo ni urefu. Televisheni hukaa jirani na king'amuzi, lakini projekta hufungwa darini upande wa pili wa sebule. Kebo ikipanda ukutani na kuvuka dari la chumba cha mita 5, hufika mita 8 au zaidi. Kebo ya shaba ya kawaida huanza kushindwa kubeba 4K ya fremu 60 ikizidi takriban mita 5. Dalili zake ni vidoa vinavyometameta kama nyota, au picha kuwa nyeusi kwa sekunde chache kisha kurudi. Ili kupima, punguza picha hadi 1080p: vidoa vikitoweka, kebo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Rangi iliyofifia haitokani na kebo, kwa kuwa HDMI hubeba tarakimu. Kebo ya bei kubwa haiongezi rangi. Anayetazama king'amuzi cha 1080p pekee hana haja ya kubadilisha kebo inayofanya kazi.

Kwa masafa marefu hutumika kebo ya nyuzi za kioo. Hii ina upande: ncha moja ni ya king'amuzi, nyingine ya projekta, na zikigeuzwa hakuna picha. Isikunjwe kwa pembe kali. Iwashwe na kujaribiwa kwa saa nzima kabla ya kufunikwa, maana kuchimbua ukuta wa matofali ya saruji mara ya pili ni gharama. Kwenye nyumba ya kupanga, mfereji wa plastiki juu ya ukuta unatosha. Waya wa umeme upitishwe kwenye mfereji wake.

Wakati wa kununua, kebo ya daraja la Ultra High Speed inapaswa kuwa na lebo ya msimbo wa QR inayoweza kuhakikiwa kwa simu. Maneno "4K" au "8K" yaliyochapwa kwenye boksi hayathibitishi kitu. Vivyo hivyo kwa mwanga: lumeni za ANSI hupimwa kwenye sehemu 9 za picha, lakini projekta ndogo za bei rahisi huandikwa maelfu ya lumeni yasiyotaja kipimo chochote.

Taa na umeme

Projekta za taa ya zebaki huhitaji taa mpya baada ya saa 2,000 hadi 5,000 hivi. Za leza hufika takriban saa 20,000. Taa ya zebaki hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana, na iliyopitiliza muda wake inaweza kupasuka. Ikipasuka, fungua madirisha na utoke chumbani kwanza. Ibadilishwe ikiwa imepoa na waya umechomolewa, bila kugusa kioo chake kwa vidole.

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado ya moto, jambo linalofupisha maisha yake. UPS ndogo inayotoa dakika chache za kuizima kwa utaratibu ni kinga nzuri kuliko stabilaiza peke yake.

Vumbi na unyevunyevu

Chujio la hewa lisafishwe kwa brashi laini kila baada ya wiki chache, mapema zaidi kama madirisha huachwa wazi upande wa barabara. Chujio likiziba, projekta hupata joto, feni hulia na mwishowe hujizima; wengi hudhani imeungua. Lenzi isipulizwe kwa mdomo, bali ifutwe kwa kitambaa cha lenzi. Wakati wa masika, projekta isiyotumika iwashwe mara kwa mara ili ukungu usiote ndani ya lenzi, kwani ukishaota kuutoa ni kazi ya fundi.