Huyo Mbwa Si Mkali, Ni Mwoga

Pita mitaa ya Mbezi au Kimara, Dar es Salaam, uhesabu mageti yenye kibati cha "Mbwa Mkali". Nyuma ya mengi kati ya hayo utamkuta mbwa anayeshinda kwenye mnyororo mfupi au kibanda cha mabati, anafunguliwa watu wakienda kulala na kurudishwa kabla hakujapambazuka. Binadamu anayemfahamu ni yule anayemletea ugali na dagaa. Mgeni akibisha hodi, povu linamtoka mbwa mdomoni kwa kubweka, na mwenye nyumba anatamba kwamba huyu hana mchezo.

Mtazame vizuri huyo mbwa. Mkia ameubana katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, anakuja mbele hatua mbili kisha anarudi moja. Hiyo ni hofu. Na mbwa mwenye hofu akikosa pa kukimbilia, huuma. Hata kwa ulinzi ni hasara, kwa sababu anayebwekea bodaboda, kuku, mvua na mwizi kwa sauti ileile hakuambii kitu. Baada ya wiki mbili hakuna hata anayeamka kuchungulia dirishani.

Wafugaji wengi huamini ukali ni wa damu. Damu ina sehemu yake. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliolea mbwa wa koo tano kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapa matokeo mwaka 1965, waliona tofauti za wazi kati ya koo hizo. Mojawapo ilikuwa Basenji, mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, maarufu kwa kutobweka kama wenzake. Watoto wa Basenji wakiwa na wiki tano waliwakimbia watu, na wakishikwa waliuma. Lakini waliposhikwashikwa na kuchezewa kila siku, walizoea upesi.

Jaribio lililofanyika hukohuko na kutangazwa mwaka 1961 linaeleza zaidi. Watoto wa mbwa walikuzwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakipewa chakula bila kumwona mtu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja wakae na watu, kila kundi katika umri wake. Waliotolewa wakiwa na wiki saba hivi walizoea vizuri kuliko wote. Walioachwa mpaka wiki ya 14 bila kumwona binadamu walibaki kama wanyama wa porini.

Kwa hiyo dirisha la kumzoesha mbwa dunia hufunguka akiwa na wiki tatu na huanza kufungwa akiwa na wiki 12 hadi 14. Wengi wetu katika miezi hiyo tunamfungia kibandani "asizoee watu". Tunamtengenezea woga kwa mikono yetu, halafu tunaandika kibati.

Katika wiki hizo aonyeshwe mzee mwenye mkongojo, mama mwenye buibui, watoto wa shule wanaopiga kelele, mwendesha boda mwenye helmeti, mbuzi, radi, jenereta. Taratibu, bila kumlazimisha, na kila kimoja kije na kipande cha nyama au dagaa. Kama chanjo hazijakamilika, asitembee barabarani. Mbebe mikononi au kwenye kikapu, dunia aione kutoka huko juu.

Kuhusu mbwa wa kienyeji, tunayemwita koko na kumdharau mbele ya jamani shepadi wa jirani, kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science. Ulihusisha mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani na kuonyesha kwamba ukoo unaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Anayelipa mamilioni kwa ajili ya ukoo ananunua umbo na rangi. Tabia inabaki kuwa kazi yake.

Kazi hiyo huanza kwa kumsoma. Mkia unaotikisika si lazima uwe furaha. Ukiwa umesimama wima na kutikisika kwa haraka huku mwili umekakamaa, kaa mbali. Kupiga miayo bila usingizi, kujilamba pua, kugeuza uso pembeni: hapo anaomba nafasi. Akinguruma, ameonya. Mtoto anayemkumbatia mbwa shingoni mara nyingi hupuuza dalili zote hizo, na mzazi anapiga picha. Usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Ukimfundisha kunyamaza, kesho atauma bila kutoa onyo.

Bakora ina watetezi wake. Wanasema mbwa lazima ajue bosi ni nani, kama mbwa mwitu walivyo. Mbwa mwitu wa Ulaya na Amerika, si hawa wetu wa Ruaha. Hoja hiyo ilitokana na wanyama waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, walioelezwa na mtafiti Rudolf Schenkel mwaka 1947. Mtafiti wa mbwa mwitu David Mech, aliyesaidia kuieneza, aliikosoa mwenyewe mwaka 1999: porini kundi ni baba, mama na watoto wao, na wazazi huongoza bila vita vya ubosi.

Anayetaka kuona ufundishaji bila fimbo asiende mbali. Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa mlio mdogo unaofuatwa na chakula, ndizi ikiwamo. Panya huyo hapigwi na kazi anaifanya. Kama panya anaelewa, mbwa atashindwaje?

Adabu ya nyumbani haina mambo mengi. Akikurukia, mpe mgongo na usimsemeshe. Miguu yote minne ikirudi chini, msifu na umpe kitu papo hapo, maana ukichelewa hatajua amelipwa kwa lipi. Nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "kaa", mama "tulia", na dada wa kazi "shuka", mbwa atachagua la kwake. Afundishwe pia kwenda mahali pake mtu akibisha hodi. Kwa wanaoishi jirani na msikiti hili si anasa: mate ya mbwa ni najisi kwa waumini wengi wa pwani, na anayekwenda swala ya alfajiri na kanzu yake hapaswi kurukiwa njiani kisha aambiwe "haumi huyo".

Aliyekwisha kukua na woga wake hubadilika polepole, na wengine hawabadiliki kabisa. Anza mbali, mahali anapomwona mgeni bila kubweka, mlipe kwa utulivu huo, kisha sogea kidogo siku nyingine. Ukali ukija ghafla kwa mbwa aliyekuwa mpole, mwite daktari wa mifugo kabla ya kumwita mwalimu. Maumivu ya sikio au jino huleta hivyohivyo, na kichaa cha mbwa pia.

Yote haya yanataka nusu saa kwa siku na mnyororo kutupwa. Kama nusu saa hiyo huna, nunua taa za nje na kengele, usifuge mbwa.