Baridi Haimponyi Samaki Aliyeharibika

Kugandisha chakula kwa njia ya krayojeniki ni kukigusisha moja kwa moja na nitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye digrii 196 chini ya sifuri, au na kaboni dioksidi, ambayo ikifunguliwa kutoka kwenye tangi lenye shinikizo hugeuka theluji kavu ya digrii 78 chini ya sifuri. Mashine yenyewe haina kompresa. Kiwandani mara nyingi ni handaki la chuma cha pua lenye mkanda unaotembea: samaki huingia upande mmoja, hupulizwa kwanza na gesi baridi inayosukumwa na feni, kisha hupita chini ya vinyunyizi vya nitrojeni, na baada ya dakika chache hutokea upande wa pili wakiwa wameganda, kila mmoja peke yake. Zipo pia zenye mkanda unaopanda kwa kuzunguka, za kabati, na za kuchovya.

Faida yake ni kasi. Maji mengi yaliyomo katika nyama ya samaki huganda kati ya digrii 1 na digrii 5 chini ya sifuri. Samaki akichukua saa nyingi kuvuka hapo, kama ilivyo katika friza ya dukani iliyojazwa kupita kiasi, fuwele za barafu hukua na kupasua seli. Siku ya kumyeyusha, maji humtoka na nyama hulegea. Akivuka kwa dakika chache, fuwele hubaki ndogo na nyama hubaki na uthabiti wake. Mmarekani Clarence Birdseye aliijenga biashara yake ya miaka ya 1920 juu ya jambo hilohilo, akitumia mabamba ya chuma yaliyopozwa, bila nitrojeni.

Kazi ya mashine inaishia hapo. Hata hivyo, mashine hizi zikitajwa mbele ya wauza samaki wa soko la Kadutu, Bukavu, swali linalorudi halihusu kasi wala ubora wa nyama. Ni hili: baridi ya digrii 196 si inaua mikrobi zote? Nyuma yake kuna imani pana zaidi, kwamba samaki aliyeanza kunuka "huchomwa na baridi" akawa salama, na kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo usafi unavyozidi. Imani hiyo ni ya uongo kutoka mwanzo hadi mwisho, na inawalaza watu hospitalini.

Ushahidi uko karibu. Katika kituo cha mbegu za mifugo cha Kabete, Nairobi, na kile cha Usa River karibu na Arusha, mbegu za madume ya ng'ombe huhifadhiwa ndani ya nitrojeni kimiminika, kwenye digrii 196 zilezile. Mbegu hizo hukaa humo miaka, huyeyushwa, hupandikizwa, na ndama huzaliwa. Baridi hiyo ingekuwa inaua kila chenye uhai, vituo hivyo vingefungwa. Kivu yenyewe ina mfano wake. Chanjo ya Ebola iliyotumika katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, ambao Agosti 2019 ulifika Mwenga katika Kivu Kusini, ina ndani yake kirusi hai cha aina nyingine, kilichodhoofishwa. Ilibidi isafirishwe kwenye digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri ili kirusi hicho kisife. Maabara za duniani kote huhifadhi bakteria wao vivyo hivyo.

Kuna jambo ambalo wenye imani hiyo huwa hawalitarajii: mara nyingi kugandisha kwa kasi kubwa huacha bakteria wengi hai kuliko kugandisha polepole. Fuwele ndogo zinazoiokoa nyama ya samaki zinawaokoa bakteria pia. Kugandisha husimamisha ukuaji; chini ya digrii 10 chini ya sifuri mikrobi hazizaliani. Sehemu yake hufa, lakini si kwa kiasi cha kuaminika, na zilizobaki huendelea na kazi mara tu barafu inapoyeyuka. Kati ya 2015 na 2018 watu 47 katika nchi tano za Ulaya waliugua kwa sababu ya listeria, na 9 kati yao wakafa. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mahindi yaliyogandishwa kiwandani Hungaria. Viwanda vya huko vina vifaa ambavyo Bukavu haijaviona, na bado bakteria walivuka wakiwa hai. Kinachouawa kweli na baridi ni minyoo ya samaki, na hata hiyo inataka digrii 20 chini ya sifuri kwa siku saba.

Kwa samaki Thomson hali ni mbaya zaidi. Huyu ni samaki wa baharini wa jamii ya vibua, aliyegandishwa katika boksi la katoni, na nyama yake ina kwa wingi kijenzi cha protini kiitwacho histidini. Akikaa kwenye joto, bakteria hukigeuza kuwa histamini. Mlaji huwashwa uso na kuwa mwekundu, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, wakati mwingine dakika chache tu baada ya kula, na watu husema ana mzio wa samaki. Viwango vya chakula vya kimataifa, Codex, vinakataza samaki mwenye zaidi ya miligramu 200 za histamini kwa kilo. Histamini ikishaingia haitoki. Haiondolewi na friza, wala nitrojeni, wala mafuta ya moto, wala ndimu na chumvi ambazo husuguliwa kwenye samaki aliyelegea wakati wa delestaji, yaani umeme unapokatwa, kabla ya kurudishwa kwenye baridi. Ndimu huondoa harufu. Kuondoa harufu ni kumnyima mnunuzi onyo alilokuwa nalo.

Katoni iliyoyeyuka ikagandishwa tena hujulikana kwa macho. Ikifunguliwa, samaki wa chini huwa wamebanwa bapa na kushikamana, wakati wa boksi zuri huwa wamenyooka na maumbo yao kamili. Katika pembe ya chini kuna barafu nyekundu au ya pinki, ambayo ni maji ya damu yaliyotiririka kisha yakaganda. Macho yamezama, ngozi ina mabaka meupe makavu. Katoni yenyewe ina alama ya unyevu uliokauka. Boksi la namna hiyo lirudishwe kwa aliyeliuza, bei iwe nafuu kiasi gani.

Hatari ya mashine yenyewe haina budi kutajwa, kwa kuwa kuna wanaofikiria kuleta mitungi ya nitrojeni kwenye vyumba vya biashara. Lita moja ya kimiminika hicho ikichemka hutoa karibu lita 700 za gesi. Gesi hiyo haina harufu, hufukuza oksijeni chumbani, na mtu huanguka bila kuhisi kwamba anakosa hewa. Januari 2021, katika kiwanda cha kuku cha Gainesville, Georgia, Marekani, nitrojeni ilivuja kutoka kwenye mashine ya kuchovya na watu 6 wakafa. Anayejua mazuku ya upande wa Goma, ile hewa ya volkano inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watoto, anaijua kaboni dioksidi pia: ni gesi ileile. Chumba kidogo cha Kadutu kisicho na madirisha hakifai kwa gesi yoyote kati ya hizo mbili, na kifaa cha kupima oksijeni ni lazima.

Gharama nayo ina hesabu yake. Kumshusha samaki kutoka digrii 20 hadi digrii 20 chini ya sifuri ni kumwondolea karibu kilojuli 360 kwa kilo. Kilo ya nitrojeni hubeba takriban kiasi hicho, lakini kiwandani hutumika kilo 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya chakula, kisha yote hutoka kwa bomba la juu na kupotea. Tangi nalo hupoteza kidogo kila siku hata lisipoguswa. Kwa hiyo mashine hii inamfaa mwenye bidhaa ya bei kubwa, karibu na kiwanda cha gesi na barabara inayopitika mwaka mzima. Ziwa Kivu lina kaboni dioksidi nyingi mno kilindini, karibu kilomita za ujazo 300, lakini imeyeyuka ndani ya maji pamoja na gesi nyingine, na kuisafisha na kuishindilia ni kiwanda kingine kabisa.

Kinachowezekana sasa ni hiki. Sambaza wa ziwani wapozwe tangu mtumbwini, kwa barafu ya maji safi, kilo kwa kilo, ndani ya sanduku lenye kuta nene. Wasiouzwa siku hiyo wakaangwe au waanikwe juu ya chanja, si chini. Friza isipewe zaidi ya kilo moja ya samaki mbichi kwa kila lita 20 hadi 30 kwa siku, yaani kilo 10 hadi 15 kwa friza ya lita 300, wakitandazwa safu nyembamba. Umeme ukikatika, isifunguliwe: iliyojaa huhifadhi baridi karibu saa 48, ya nusu saa 24. Samaki ambaye bado ana barafu ndani anaweza kugandishwa tena, ubora ukishuka. Aliyekaa saa nyingi bila barafu atupwe. Mwenye mtaji anunue friza ya feni yenye digrii 35 hadi 40 chini ya sifuri na jenereta yake, pamoja na kipimajoto. Asiye na kipimajoto agandishe kikombe cha maji, aweke kokoto juu yake, akiache ndani ya friza. Kokoto ikikutwa imezama, friza iliyeyuka mwenye nayo akiwa hayupo, na samaki waliomo wachunguzwe mmoja mmoja kabla ya kuuzwa.