Nani Anasikia Unapouliza Jina?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kilosa na Mikumi

(Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya: JINA, NAMBARI, SWALI, BAHASHA. Wanafunzi wayasome pamoja mara mbili.)

BWANA ELIMU: Leo tutajifunza juu ya jambo linalotendeka ndani ya simu kila siku bila sisi kuliona. Hapa studio nimeketi na mzee mmoja mwanafunzi, naye ataniuliza maswali kwa niaba yenu. Karibu, Mzee.

MZEE: Ahsante, Bwana Elimu. Mimi najua kupiga simu na kusoma ujumbe. Haya ya intaneti bado yananishinda.

BWANA ELIMU: Hayatakushinda. Tuanze na jambo unalolijua. Ukimpelekea mtu barua, huandika nini juu ya bahasha?

MZEE: Jina lake, nambari ya sanduku la posta, na mji.

BWANA ELIMU: Vema. Jina latusaidia sisi kukumbuka. Nambari yawasaidia watu wa posta kufikisha barua. Intaneti nayo ni hivyo hivyo. Kila kompyuta inayotoa habari ina nambari yake, lakini hakuna mtu awezaye kukumbuka nambari zote. Kwa hiyo sisi huandika majina. Jina linaloishia na .go.tz ni la ofisi ya serikali yetu; linaloishia na .ac.tz ni la chuo. Herufi hizo, tz, ni za Tanzania, nazo zilisajiliwa mwaka 1995. Jina la namna hii huitwa jina la kikoa.

MZEE: Mimi nimeandika jina. Simu itaijuaje nambari?

BWANA ELIMU: Inauliza. Iko mitambo ambayo kazi yake ni kujibu swali moja tu: "Jina hili nambari yake ni ipi?" Sisi tutaiita mitambo ya majina. Zamani orodha ya majina yote ilikuwa moja, ikitunzwa katika taasisi moja huko California, Marekani. Kompyuta zilipozidi kuwa nyingi, orodha moja haikutosha. Mwaka 1983 Bwana Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kuigawa, ambao kwa kifupi huitwa DNS. Juu kabisa iko mitambo ya shina. Ina majina 13, tangu herufi A hadi M, na nakala zake zimewekwa katika nchi nyingi, hata Dar es Salaam. Mtambo wa shina hujibu, "Jina hili ni la tz, kawaulize wa tz." Wa tz nao huelekeza mbele, mpaka nambari ipatikane. Yote hayo hutendeka kwa muda mfupi sana.

MZEE: Ni kama mgeni anayeshuka stesheni ya Kilosa. Mmoja humwonyesha mtaa, na mwenyeji wa mtaa humwonyesha mlango.

BWANA ELIMU: Barabara. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo letu la leo. Kwa desturi swali hilo husafiri wazi, kama kadi ya posta isiyo na bahasha. Kila anayeishika njiani aweza kuisoma. Tuseme dereva wa lori analala nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Anatumia intaneti ya nyumba ile kufungua ukurasa unaoeleza dawa za UKIMWI. Siku hizi ukurasa wenyewe mara nyingi huja umefungwa kwa maandishi ya siri, na mtu wa njiani hawezi kuusoma. Lakini swali la jina limekwisha kutangulia wazi. Anayesimamia intaneti ya nyumba ile, akitaka, aweza kuona ni jina gani limeulizwa, kwa simu ipi, na saa ngapi. Kampuni inayoleta intaneti yaweza pia.

MZEE: Basi hata kama hakuisoma barua yangu, amejua nimemwandikia daktari gani.

BWANA ELIMU: Ndivyo. Na kujua hivyo tu kwaweza kumharibia mtu kazi au ndoa.

MZEE: Hakuna bahasha ya kufungia swali?

BWANA ELIMU: Ipo, na haina umri mkubwa. Mwaka 2013 dunia ilipata habari kwamba serikali kubwa zilikuwa zikisikiliza mawasiliano ya watu wengi mno. Mafundi wanaopanga kanuni za intaneti, katika jumuiya iitwayo IETF, walikubaliana kulitafutia dawa jambo hilo. Kanuni ya kwanza ya kufunga maswali ya majina ilitolewa mwaka 2016, na ya pili mwaka 2018. Lakini kanuni iliyo katika karatasi haitoshi. Ilibidi watu waijaribu. Hapo wakajitokeza watu wa kujitolea, vyuo na vyama, wakaweka mitambo yao, wakasema wazi kwamba ni ya majaribio na yaweza kusimama wakati wowote. Huko Bielefeld, Ujerumani, chama cha wananchi kiitwacho Digitalcourage kiliweka mtambo wa majina kwa michango ya watu wake. Wengine waliitumia mitambo hiyo na kutoa taarifa ya makosa.

MZEE: Nauliza, Bwana Elimu. Nikifunga bahasha, si lazima mmoja aifungue ili ajibu?

BWANA ELIMU: Umeuliza swali kubwa kuliko yote, Mzee wangu. Mwenye mtambo wa majina huifungua. Basi bahasha haiondoi haja ya kuamini mtu. Inakupa nafasi ya kumchagua wa kumwamini. Kwa sababu hiyo mwaka 2022 ilitolewa kanuni nyingine ya majaribio, inayotumia watu wawili. Wa kwanza amjua muulizaji, lakini hawezi kuifungua bahasha. Wa pili aifungua, lakini hamjui muulizaji. Wasipokula njama, hakuna ajuaye yote mawili. Tena kumbukeni: bahasha haifichi kila kitu. Kampuni bado yaweza kuona nambari unayoiendea.

MZEE: Na sisi wa Kilosa tutafanya nini?

BWANA ELIMU: Mambo mawili. La kwanza ni la kila mtu. Simu nyingi za Android, tangu toleo la 9 la mwaka 2018, zina mahali pa kuweka DNS ya faragha. Hapo huandikwa jina la mtambo uliouchagua, kwa mfano dns.quad9.net, ambao ni wa shirika lisilotafuta faida huko Uswisi. Intaneti ikikataa kufanya kazi, rudisha kama ilivyokuwa.

La pili ni la pamoja. Kule Kondoa, Mkoa wa Dodoma, wananchi walishirikiana na Chuo Kikuu cha Dodoma na chama cha Internet Society kujenga mtandao wa jumuiya, unaopita katika masafa ya televisheni yasiyotumika. Shule au chama cha ushirika chenye intaneti ya pamoja chaweza kuweka mtambo wake wa majina katika kompyuta ndogo, kwa programu ya bure kama Unbound. Kuuweka ni kazi ya fundi. Lakini mkutano ndio uamue: je, maswali ya watu yaandikwe au yasiandikwe? Yafutwe baada ya siku ngapi? Nani ashike ufunguo? Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mkutano wenu uikumbuke.

MZEE: Kumbe ni kama kuchagua mweka hazina.

BWANA ELIMU: Ni hivyo hasa. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kazi ya mtambo wa majina ni nini?
2. Kwa nini swali la jina hufananishwa na kadi ya posta?
3. Bahasha inaficha nini, na haifichi nini?
4. Kama kijiji chenu kingekuwa na mtambo wake, mngemchagua nani kuutunza, na mngempa masharti gani?