Python: vipande vya programu na maneno ambayo mashine haiyahitaji

Tangu tarehe 1 Januari 2020, lugha ya kompyuta Python 2 haipati tena matengenezo. Wenye programu zilizoandikwa kwa toleo hilo walipaswa kuzihamishia kwenye Python 3, iliyotoka Desemba 2008. Tofauti zinaonekana ndogo: palipoandikwa print "Karibu", sasa lazima kuweka mabano, print("Karibu").

Lakini mwenye mistari elfu kumi hawezi kuirekebisha yote kwa mkono. Ndiyo maana Python ilikuja na chombo 2to3, kinachosoma maandishi ya zamani na kuyaandika upya. Ndani yake mlikuwa na maktaba ya lib2to3, nayo ilikuta swali gumu: ukikata maandishi vipande vipande, kipi kibaki na kipi kitupwe?

Kompyuta hukata kila mstari kuwa vipande vidogo viitwavyo tokeni. Mfano ni mstari huu wa mwenye duka anayehesabu bei pamoja na TVA, ambayo nchini Congo ni 16%:

jumla = bei * 1.16  # pamoja na TVA

Tokeni ni tano: jumla, alama ya sawasawa, bei, alama ya kuzidisha na 1.16. Ya sita inaonyesha mwisho wa mstari. Maneno yanayofuata alama # ni maelezo ya mtu kwa mwenzake, na mashine haiyahitaji. Kwa kawaida hutupwa, pamoja na nafasi tupu zilizo kati ya maneno.

Kwa kuendesha programu, hiyo si hasara. Kwa kuiandika upya, ni msiba: mwenye duka angerudishiwa faili inayofanya kazi, lakini isiyosema 1.16 imetoka wapi.

Katika lib2to3, kila tokeni ilipewa aina yake, maandishi yake, namba ya mstari wake, na mfuko mdogo uitwao prefix. Humo huwekwa yote yaliyotangulia tokeni hiyo: nafasi, mistari mitupu, maelezo. Katika mfano huo, maneno "pamoja na TVA" hubebwa na tokeni ya mwisho wa mstari. Ukipanga tokeni zote na mifuko yao kwa mfuatano, unapata faili ileile, herufi kwa herufi.

Njia hiyo ina kasoro yake. Tokeni ikifutwa pamoja na mfuko wake, maelezo yanapotea. Ikihamishwa, yanaifuata, hata kama yalihusu mstari mwingine. Anayetengeneza chombo lazima aamue maelezo ni ya nani.

Maktaba ya lib2to3 iliondolewa katika Python 3.13, Oktoba 2024, kwani namna yake ya kusoma haikuweza tena kufuata sarufi mpya ya lugha hiyo. Wazo lake limebaki. Black, chombo cha kupanga maandishi ya Python, kinatumia nakala yake iliyorekebishwa. LibCST, iliyoanzia Instagram, nayo hutunza nafasi na maelezo kwa namna yake.

Mashine itapiga hesabu bila maelezo hayo. Atakayetumwa kurekebisha programu siku TVA itakapobadilika ndiye atakayeyatafuta.